Haikuwa Mvua

Zaina wangu,

Uko nyuma ya nyumba, Bibi anakusuka, nami nasikia unavyolalamika kwamba anakuvuta nywele. Unalalamika kwa sauti kubwa mpaka Mama Aziza, jirani yetu, anacheka kule kwake. Nina muda mpaka Bibi amalize mistari yote, na Bibi yako kwa kusuka hana haraka. Nimesogeza cherehani pembeni, nimeweka karatasi juu ya meza ya kukatia. Ngoja nikuandikie.

Habari za sabuni, mswaki na namna ya kutandika kitanda sitaandika. Masista wa hiyo shule ya bweni unayokwenda walituma orodha yao, nimeifuata, na kila nguo nimeishonea jina lako kwa uzi mwekundu. Kesho asubuhi tutashuka stendi ya Nyabugogo, utapanda basi pamoja na yule sista mwenye miwani, mimi nitarudi huku Nyamirambo peke yangu. Hayo unayajua. Nataka kukuandikia jambo usilolijua, na hulijui kwa sababu mimi nimekuficha.

Jana nilikuwa nakunja sweta lako. Ukanishika mkono, ukaniambia, "Mama, huko sitacheza tena kwenye mvua. Hata kidogo. Nikikaa vizuri sana, masikio yatarudi?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Ukainama, ukaendelea kukunja soksi zako, moja ndani ya nyingine, kama vile mtu aliyejibiwa alichokuwa anakijua. Usiku kucha sikulala vizuri kwa sababu ya zile soksi.

Zaina, haikuwa mvua.

Naandika tena, ili usifikiri umesoma vibaya. Masikio yako hayakuondoka kwa sababu ya mvua, wala kwa sababu ulinikaidi, wala Mungu hakukuadhibu. Nimekuacha uamini hivyo miaka miwili na zaidi, mtoto mdogo, nami mtu mzima nikinyamaza. Sasa nakueleza ilivyokuwa, na nitaeleza polepole, kwa sababu mara ya kwanza mimi mwenyewe nilielewa haraka haraka, na hiyo haraka ndiyo iliyotufikisha hapa.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa Ramadhani, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa zinashuka kama mtu anamwaga ndoo. Siku hiyo mlitoka shule, wewe na watoto wa Mama Aziza, mkacheza mtaroni mpaka mkawa rangi ya tope. Bibi alikuchapa kofi moja la mgongoni, mimi nikakukausha kwa kipande cha kitenge cha mteja, tukacheka. Siku ya pili yake ukasema kichwa kinauma. Ya tatu ukawa huwezi kuinamisha shingo, na taa ikiwashwa unalia. Bibi akasema, "Maji ya mvua yamemwingia kichwani." Bibi ni mama wa baba yako, nyumba hii ni yake, na neno lake humu ndani halirudishwi. Nikakubeba mgongoni mpaka hospitali, tayari nimeshaamini ni mvua.

Hospitali walisema ni mugiga. Kwa Kiswahili wengine huita homa ya uti wa mgongo. Walikukunja kama mtoto aliye tumboni, wakachoma sindano mgongoni, maji yakatoka. Yangekuwa maangavu kama ya kunywa, ungekuwa salama. Yalitoka kama maji yaliyosuuzia chupa ya maziwa.

Muuguzi wa wodi yako aliitwa Perpetua. Amekulia Bujumbura, Kiswahili kinamtoka vizuri, na mdomo anao. Kila baada ya saa nne alikuja na bomba kubwa la sindano, anakutia dawa kwenye mshipa. Dawa nyingi, Zaina. Nilimwuliza, "Dada, mtoto mdogo hivi, dawa yote hiyo ya nini? Si mngempa vidonge?"

Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Vizuri. Basi utaelewa kuliko wale waliosoma."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda chako. Akaniambia mishipa ya damu mwilini kote ni kama kikapu kilichofumwa kwa nafasi. Damu inapita, na vitu vinatoka kwenye zile nafasi, chakula kinatoka, dawa inatoka, inakwenda kwenye nyama, kwenye ini, kila mahali. Lakini mishipa inayopita kwenye ubongo, hiyo Mungu aliishona kwa mshono mwingine. Karibu karibu, pindo juu ya pindo, hakuna nafasi. Kwa nini? Kwa sababu tumboni mwetu kila siku kunaingia takataka, sumu kidogo, vijidudu, chumvi ikizidi leo na kupungua kesho, na ubongo haupendi kusumbuliwa. Tumbo likiharibika utaendesha siku mbili, litapona. Ubongo ukiharibika haushonwi tena. Kwa hiyo umezungushiwa huo mshono, vitu vibaya vibaki nje kwenye damu. Sukari ina mlango wake maalumu, inafunguliwa, kwa sababu ubongo unakula sukari. Hewa inapita yenyewe. Vingine vingi vinagonga ukuta na kurudi.

Nikamwuliza, "Na pombe? Mbona mlevi kichwa kinamzunguka?"

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Pombe haibishi hodi, mama. Pombe inapita popote."

Mama mmoja wa kitanda cha jirani akadakia, "Ndiyo maana mume wangu inamfika kabla hajamaliza chupa!" Wodi nzima ikacheka, wagonjwa kwa wazima. Nawe ulitabasamu. Ulikuwa unasikia wakati huo. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kisha Perpetua akamaliza. Akasema vijidudu vya mugiga ni hodari, vinapita kwenye ule mshono na kuuchafua ubongo ndani, na homa ile kali na kule kuvimba vinafanya nyuzi zilegee.

Hayo niliyasikia, nikayatia akilini mwangu kama fundi. Nikajiambia: sawa, mshono umelegea, uchafu umeingia, sasa dawa inakaza mshono. Ukishakaza, kazi imekwisha. Sikuuliza zaidi. Nilijiona nimeelewa, na nilifurahi kwamba mimi wa darasa la nne nimeelewa mambo ya ndani ya kichwa cha mtu.

Siku ya sita homa ilishuka. Uliketi. Uliomba chapati, na mimi niliyefunga nikalia kwa kuomba kwako chapati. Shingo ikainama. Siku ya saba ukaniuliza gauni lako la Idi limefika wapi, lile la kijani lenye kola nyeupe. Lilikuwa bado halina mikono. Idi ilikuwa kesho au keshokutwa, wanangoja mwezi, na hapa nyumbani kulikuwa na magauni ya watu wanane yamekatwa na hayajashonwa, na wenyewe wanakuja kugonga kwa Bibi kila saa.

Nikamwendea Perpetua. Nakuandikia maneno yetu yalivyokuwa, sikupunguza.

Nikasema, "Dada, mtoto amepona. Naomba ruhusa."

"Hajapona, mama Zaina. Amepata nafuu. Bado siku saba za sindano."

"Homa imeisha."

"Homa imeisha, dawa haijaisha."

"Nipe vidonge basi nimpe nyumbani."

"Vidonge havifiki huko. Nilikueleza."

"Ulinieleza mshono ukikaza—"

"Mama Zaina, nina watoto thelathini na wawili humu na niko peke yangu. Rudi kwa mtoto wako ukakae. Jioni nitakuja nikueleze tena."

Ilikuwa wakati wa vita, mwanangu, vilikuwa vimeanza miezi ya nyuma kule kaskazini, na wauguzi walikuwa wamepunguzwa wapelekwe kwa majeruhi. Alikuwa amechoka, na alinijibu kama mtu aliyechoka. Nilikasirika. Nilijiambia, ananiona mjinga wa Nyamirambo. Sikungoja hiyo jioni. Alipokwenda wodi ya pili nikakufunga mgongoni, nikakufunika kitenge mpaka kichwani, tukatoka getini pamoja na watu waliokuja kuona wagonjwa. Hakuna aliyenifukuza. Wala si kwamba nilikosa cha kuwalipa. Nilitoroka. Njiani nilinunua vidonge vya rangi mbili, vile vya kumeza, nikajiambia dawa ni dawa.

Siku ya Idi uliamka kabla yangu. Ulinitikisa bega ukasema, "Mama, wanaleta takbira." Zilikuwa zinatoka msikiti wa kule chini, mbali, wala mimi nilikuwa sijazisikia. Wewe ulizisikia. Ndiyo maana najua. Watu wengine wameniambia kunifariji kwamba labda masikio yalikuwa yameshaondoka tangu siku za kwanza za homa, kwamba mugiga huyachukua mapema. Kwa mtoto mwingine labda. Wewe ulisikia takbira ukaniamsha nisikie na mimi. Ukavaa gauni la kijani, ukala pilau kwa Mama Aziza, ukarudi na mafuta kwenye kola.

Kesho yake nilikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi, kuna mteja mmoja gauni lake halikuwahi Idi na alikuwa amenitukana mbele za watu. Ulikuwa umelala kwenye mkeka hapa hapa miguuni pangu. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini cherehani inalia mbali?"

Nikakujibu, "Ni usingizi. Lala."

Nikaendelea kukanyaga. Nilishona mkono mzima wa lile gauni. Nilipoinama kukata uzi nikakuona macho yamegeuka juu na miguu inapiga mkeka.

Hilo ndilo, Zaina. Sauti ya mwisho uliyoisikia duniani ilikuwa hii cherehani, labda na mimi nikikwambia ulale. Nimejiuliza mara nyingi lipi kati ya hayo mawili lilikuja la mwisho.

Nilikukimbiza hospitali tena, na Perpetua ndiye aliyetupokea. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alikutia sindano, akakuwekea maji ya mshipani, akakaa nawe mpaka mtetemeko ukaisha, halafu akanieleza ile nusu niliyoiacha. Alisema wakati homa iko juu na ule mshono umelegea, dawa nayo inapata pa kupita, inaingia na kupiga vijidudu humo ndani. Homa ikishuka mshono unaanza kukaza. Hilo ni jema. Lakini vijidudu vilivyobaki ndani vinakuwa vimefungiwa ndani, na dawa inafungiwa nje pamoja na takataka. Ule ukuta hauijui dawa, hauna mlango wa dawa. Kwa hiyo ndipo hasa unapotakiwa kutia dawa nyingi mshipani, siku zote mpaka zitimie, ili hata ile kidogo inayopenya itoshe. Ya kumeza inafika kama umande.

Nikasema, "Nilidhani ukishakaza ndiyo umepona."

Akasema, "Ulielewa nusu. Na mimi nilikwambia nusu. Jioni nilikuja nikakuta kitanda kitupu."

Ulilala siku tatu hujui mtu. Ulipofungua macho uliniona, ukatabasamu, ukaomba maji. Nikasema Alhamdulillahi. Kisha yule mama wa kitanda cha jirani akaangusha kikombe cha bati nyuma yako, kwenye saruji. Wodi nzima iligeuka. Wewe ulikuwa unatazama maji.

Sasa nakuja kwenye kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la kutojua. Hili nililijua.

Tuliporudi nyumbani Mama Aziza alikuwa mlangoni na wanawake wengine. Wakauliza imekuwaje. Bibi yako alikuwa amesimama nyuma yao, anasubiri jibu langu. Baba yako alikuwa amekwama ng'ambo na lori lake tangu barabara ya Kampala ilipofungwa na vita, na nilijua atakaporudi neno la kwanza ataulizwa mama yake, si mimi. Nikasema, "Ni ile mvua." Maneno matatu. Yalikuwa yameshasemwa na wengine, mimi niliyaokota tu. Bibi akaitikia kwa kichwa, akasema, "Si nilisema." Wote wakanionea huruma, wakaniletea isombe ya kisamvu na wali, wakakaa nami. Mama ambaye mtoto wake amepigwa na mvua anaonewa huruma. Mama aliyetoroka wodini sijui angeletewa nini.

Na kwa kuwa ulikuwa husikii, Bibi alikufundisha kwa mikono. Vidole vinashuka juu ya kichwa, mvua, halafu kidole kwenye sikio, halafu kidole kinakukanya. Alifanya hivyo mawingu yakitanda, alifanya hivyo wageni wakija. Hilo ndilo neno la kwanza la mikono lililosemwa kwako humu ndani. Nawe ukalishika upesi, ukawa unawasimulia watoto wenzako mwenyewe, vidole juu ya kichwa, sikio, kisha unajipiga kofi dogo la mgongoni. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilikuona. Nilijiambia, ngoja akue kidogo. Halafu nikajiambia, ngoja baba yake arudi. Hata kwake niliandika mvua, kwenye barua iliyopitia Tanzania. Sijui kama ilimfika. Jibu halijaja.

Nilidhani ninakukinga. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwa muda mrefu: mtoto akijua mama yake ndiye, atabaki na nani? Nikakuzungushia uongo wangu, karibu karibu, usiumizwe na habari mbaya. Lakini kilichokuwa kinakuumiza kilikuwa kimeshaingia, kiko ndani na wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nakaza nyuzi nje. Mtoto wa miaka tisa anaapa hatacheza tena kwenye mvua ili arudishiwe masikio. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu, na mimi ni fundi mzuri, kila mtu mtaani anasema.

Utaniuliza kwa nini nakupeleka mbali basi, kama kosa ni langu. Nadhani umeshafikiri kwamba ninakuondoa nisikuone. Nakuapia sivyo. Unakumbuka siku ile ya bariyeri, pale askari wanapozuia barabara? Wewe unakumbuka fundi viatu amekushika kwa nguvu ukamwuma mkono. Hukujua kilichokuwa nyuma yako. Askari alikuwa amekuita mara tatu. "Wewe mtoto! Simama!" Uliendelea kutembea na mfuko wako wa vitumbua. Akaitoa bunduki begani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara, nilipiga kelele, na kelele zangu kwako si kitu. Fundi viatu ndiye aliyeruka.

"Afande, hasikii! Ni mtoto wa fundi Mariamu, kiziwi huyu!"

"Kiziwi? Mbona macho iko wazi?"

"Macho iko, afande. Masikio ndiyo haiko."

Askari alicheka. Alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Akakuruhusu, akachukua vitumbua viwili. Watu wakacheka pia, ili waondoke. Nikakaa pale pale kwenye vumbi. Mji huu sasa unataka mtu anayesikia anapoitwa. Redio inasema makaratasi ya amani yametiwa saini, watu wanasema mambo yatatulia, na mimi naamini, nataka kuamini. Lakini mpaka yatulie nataka uwe mahali ambapo hakuna anayekuita kwa nyuma. Sista amenieleza kule wote wanazungumza kwa mikono, walimu na watoto, kwa maneno kamili, siyo haya yetu ya kuokoteza. Utakuwa na maneno ya mikono mia, elfu. Utakuja unifundishe, na vidole vyangu si vizito.

Sina mengi ya kukushauri. Nimesoma kidogo, na yale niliyoyajua nimekuonyesha yalivyonifikisha. Ila hili moja: mtu akikueleza jambo ukaona limeingia upesi, linafanana sana na kazi yako, mwulize tena. Mimi nilikuwa na aibu ya kuuliza mara ya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikaona kuuliza tena ni kukubali kwamba sikusoma. Uliza, Zaina. Wakikunja uso, uliza na uso wao umekunjwa hivyo hivyo.

Na ukinikasirikia, kasirika. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu niko peke yangu, au kwa sababu nimekushonea nguo sita. Mtoto akimwonea mama yake huruma kabla ya kukasirika, ile hasira haiishi, inakwenda kukaa mahali pengine. Mimi naijua, nilimfanyia hivyo mama yangu mzazi, akafa nikiwa bado namtabasamia. Ukiandika kutoka huko kwamba hutaki kurudi likizo kwangu, nitamwomba sista akae nawe, na nitakuja mimi, nitasimama getini, uniangalie kwa mbali ukipenda.

Lakini nina tumaini. Sijui limetoka wapi, mambo yalivyo, ila ninalo. Sauti yako bado iko, unaongea, ingawa inapanda na kushuka na watoto wanakuiga. Unasoma kuliko mimi. Yale maneno niliyokuwa nakuandikia kwa chaki ya fundi kwenye vipande vya nguo, "maji", "njoo", "kula", umeyazidi zamani. Ubongo wako haukuguswa, Perpetua alisema hivyo alipokuruhusu, ile mara ya pili tulipolazwa, alikushika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Humu ndani mzima kabisa." Kilichochukuliwa ni njia ya sauti. Mwenye nyumba yumo.

Umeingia.

Nywele zimekwisha, umependeza, paji la uso limevutika mpaka unaonekana umeshangaa. Umeniuliza, "Unamwandikia nani?" Nimekuonyesha kidole: wewe. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku, uisome ukiwa kule, nisione uso wako. Nimeona kumbe na huko ni kutoroka. Nimekupa karatasi za kwanza, na sasa umekaa kwenye kizingiti, unasoma kwa kidole, midomo inatembea. Naandika huu mwisho ninakuangalia, kwa sababu nikiiweka kalamu sitajua mikono yangu niifanye nini.

Umecheka. Lazima ni pale pa Bibi na haraka.

Kidole kimesimama. Umerudi mstari wa juu. Unasoma tena. Umesogeza karatasi karibu na macho.

Unasoma haraka sasa. Umegeuza karatasi, umekuja ukachukua nyingine mezani bila kunitazama. Umekaa chini sakafuni.

Hulii. Mimi ndiye ninayelia, na wino unatawanyika, samahani.

Umeinua uso. Nilifikiri utaniuliza kuhusu sindano, au utatoka ukimbie. Umeniuliza, kwa ile sauti yako kubwa inayofika mpaka kwa jirani, "Bibi anajua?"

Nimetikisa kichwa.

"Baba?"

Nimetikisa kichwa.

Halafu umesimama, umenishika mkono wa kushoto, siyo kwa upole, unanivuta. Unaonyesha mlango wa nyuma, kule Bibi anakokusanya vichanuo vyake. Unasema, "Mwambie. Sasa. Mimi nitasimama hapo, nitaangalia mdomo wako."

Naandika hii kwa mkono uliobaki. Sijui Bibi atasema nini, nyumba hii ni yake. Hukuniachia mkono.

Haya, tunakwenda.

Mama yako,
Mariamu